Somo la Kazi: Kukata na Kutengeneza Umbo la Mti wa Krismasi

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Somo letu la safari hii linahusu kazi ya kukata na kutengeneza umbo la mti wa Krismasi katika shamba dogo. Labda mwenzetu mmoja atauliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na miti ya Krismasi? Jibu ni fupi. Wengi wetu tuliotoka Vurra, Arua na Koboko tuna kipande cha ardhi nyumbani, na kila Desemba tunarudi huko tukiwa na mfuko mwepesi. Tena wako wenzetu wanaoajiriwa kama vibarua kukata nyua na miti katika mashamba ya watu. Kazi hii ina ufundi wake, ina hatari zake, na ina hesabu yake. Asiyejua ufundi huharibu mti. Asiyejua hatari huharibu mguu. Asiyejua hesabu hufanya kazi ya bure.

Mimi mwenyewe nilianza kushika kisu cha kupogolea katika shamba kubwa la chai, huko magharibi ya Uganda, nikiwa kijana. Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na kisu chake ni kirefu na kikali. Niliporudi Vurra nilipanda miti michache ya saipresi nyuma ya nyumba, nikadhani najua kila kitu. Mwaka wa kwanza niliikata kama chai. Miti kumi na miwili ilikauka upande mmoja, na haikurudi tena. Makosa hayo ndiyo yaliyonifundisha, na sipendi mwenzangu ayarudie.

1. MTI WENYEWE

Huko Ulaya na Marekani kaskazini mti wa Krismasi huwa ni wa aina zinazopenda baridi. Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo hufanywa na saipresi, ule mti wa majani madogo yanayofuatana kama magamba, ambao tunaufahamu kwa nyua za shule na makanisa. Kitaalamu unaitwa Cupressus lusitanica. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, nao unapenda nchi za juu. Arua iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mti huu unaishi huku bila taabu, mradi ulindwe na mchwa ungali mdogo na moto wa nyika usiufikie wakati wa kiangazi.

Lazima tujue mambo matatu juu ya mti huu kabla ya kushika kisu.

Kwanza, mti una kilele kimoja ambacho ndicho kiongozi. Kilele kikiwa kizima, huyazuia matawi ya pembeni yasipande juu kushindana nacho. Ukikikata ovyo, matawi mawili au matatu hupanda kwa pamoja, na mti unakuwa na vichwa vingi. Mti wa namna hiyo hauna mnunuzi.

Pili, ukikata ncha laini za kijani, mti hutoa vichipukizi vingi nyuma ya mkato. Hiyo ndiyo siri yote ya mti kuwa mnene. Saipresi isiyokatwa inaweza kurefuka hata mita moja kwa mwaka mahali pazuri, lakini inakuwa nyembamba, na mtu anaona ukuta wa upande wa pili kupitia katikati yake.

Tatu, na hili ndilo lililonishinda mimi: saipresi haichipui tena kutoka kwenye mti mkavu usio na majani. Chai ukiikata mpaka gogo, inachipua. Kahawa ukiikata mpaka kisiki, inachipua. Saipresi ukiingia ndani mpaka kwenye vijiti vya kahawia visivyo na jani, umefungua shimo ambalo halitazibika. Basi kumbuka sheria hii: kisu kisipite mpaka wa kijani.

2. WAKATI WA KUKATA

Kwetu mvua huanza Machi au Aprili, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha huzidi kuanzia Agosti mpaka Novemba. Kiangazi ni Desemba mpaka Machi.

Anza kuukata mti unapofika kimo cha kiuno, yaani kama mita moja. Kata mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Mei au Juni, mti ukiwa umekwisha kutoa vichipukizi vipya vya mvua ya kwanza. Mara ya pili ni Septemba. Mti unaotaka kuuza Desemba usiuguse baada ya katikati ya Oktoba, ili vidonda vipate kufunikwa na kijani kipya. Wakati wa kiangazi usikate kabisa. Mti una kiu, na kila mkato ni kidonda juu ya ugonjwa.

3. KIPIMO CHA UMBO

Umbo tunalotaka ni kama paa la nyumba ya msonge: pana chini, linapungua kwa mstari ulionyooka mpaka kileleni. Kipimo kizuri ni upana wa chini kuwa theluthi mbili za urefu. Mti wa sentimita 180 uwe na upana wa sentimita 120. Mti wa sentimita 150 uwe na upana wa sentimita 100.

Sababu ya upana kuwa chini si uzuri tu. Jani linaishi kwa mwanga. Ukiacha juu kuwe kupana kuliko chini, matawi ya chini yanakaa kivulini, yanakauka, na tumekwisha kusema kwamba yakikauka hayarudi. Ndiyo maana nyua nyingi za saipresi tunazoziona zina majani juu na mashimo chini, mbuzi wanapita. Mkataji alizinyoosha kama ukuta, au alizipanua juu.

Jicho peke yake hudanganya. Tengeneza kipimo cha fito mbili. Chukua fito mbili zilizonyooka, zifunge pamoja ncha za juu, kisha zitanue miguu mpaka upate theluthi mbili. Funga ufito wa tatu katikati ili zisifunguke. Kisimamishe mbele ya mti, ukione kinapozidi na kinapopungua. Kipimo hiki hakina gharama, na mkataji mpya akiwa nacho hafanyi kosa kubwa.

4. HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza: zunguka mti mara moja bila kukata. Tazama kilele, tazama mashimo, tazama upande uliozidi. Pigapiga matawi kwa fimbo ndefu, maana nyigu hupenda kujenga ndani ya mti mnene, na nyoka naye hupenda kivuli.

Hatua ya pili: safisha chini. Ondoa matawi yanayogusa udongo, ili shina lionekane na mchwa asipate daraja. Sehemu hiyo ndiyo itakayokuwa mpini wa mti siku ya kuusimamisha nyumbani kwa mnunuzi.

Hatua ya tatu: chagua kilele. Vikiwa viwili, acha kilichonyooka zaidi, kata kingine karibu na shina. Kilele kikiwa kirefu mno, kipunguze kwa mkato wa mshazari, ukiacha kama sentimita 25 mpaka 30 juu ya matawi ya mwisho. Kilele kikiwa kimevunjwa na upepo au ndege, usikate tamaa. Simamisha kijiti, chukua tawi changa la juu kabisa, lifunge juu ya kijiti hicho kwa kamba ya mgomba au ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Baada ya miezi michache litakuwa kiongozi mpya. Usisahau kufungua kamba, maana itaukaba mti.

Hatua ya nne: kata pembeni. Anza juu, shuka chini, kufuata mstari wa kipimo. Kata ncha tu, usizidi nusu ya urefu ulioongezeka msimu huo. Zunguka upande mmoja mpaka urudi ulipoanzia. Mwenye miti michache atumie mkasi mkubwa wa ua. Kisu kirefu au panga nyembamba ni haraka zaidi, lakini ni kwa mtu aliyefundishwa.

Hatua ya tano: rudi nyuma hatua tano, tazama. Penye shimo, usikate hapo msimu huu. Acha matawi ya jirani yarefuke yafunike. Mti mbaya kabisa usiung'oe. Uache ukue uwe nguzo au mbao. Sisi wa West Nile tunajua thamani ya nguzo, maana kwa miaka mingi ukaushaji wa tumbaku kwa moto ulikula kuni zetu nyingi.

Hatua ya sita: kusanya yote uliyokata, uyapeleke mbali. Majani ya saipresi yakikauka yanawaka kama mafuta ya taa, na moto wa nyika wa Desemba na Januari hauhitaji mwaliko.

Siku ya kuvuna, kama unataka mti wa pili kutoka kwenye kisiki kilekile, kata juu ya matawi mawili matatu ya chini yenye kijani. Moja litageuka kupanda juu, na utalichagua kuwa kilele. Kisiki kisicho na jani kinakufa.

5. MAGONJWA

Vidonda vya kisu ni mlango wa kuvu. Nchini Kenya, katikati ya karne ya 20, ugonjwa wa kuvu wa kuozesha magome uliharibu sana aina nyingine ya saipresi, Cupressus macrocarpa, na hii aina yetu ikachukua nafasi yake katika misitu mingi. Kwa hiyo usikate mti mgonjwa kisha ukaenda kwa mzima na kisu kilekile. Wagonjwa wawe wa mwisho. Futa utomvu kwenye kisu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Kuna pia chawa wa saipresi, mdudu mdogo anayefyonza maji ya mti. Alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 alikuwa Kenya. Aliua miti mingi sana katika Afrika ya Mashariki na Kusini. Wataalamu walileta nyigu mdogo anayemla chawa huyo, na hali ikapata nafuu. Ukiona mti unageuka kahawia kuanzia ndani, na magome yananata, mtafute ofisa wa misitu mapema kabla jirani zako hawajaambukizwa.

6. USALAMA, NA JAMBO LA UZEMBE

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili.

Katika lile shamba la chai tulilipwa kwa kipimo: vichaka kadhaa kwa siku, na asiyemaliza hapati siku. Mwenzetu mmoja, kijana mdogo, alikuwa nyuma ya kipimo saa nane mchana. Akaharakisha. Kisu kilikuwa butu tangu asubuhi, maana tupa ilikuwa moja kwa watu ishirini. Kisu butu hakikati, kinateleza. Kiliteleza kikampata kwenye muundi wa mguu mpaka mfupa ukaonekana. Hakuwa na buti wala kinga yoyote. Mnyapara alikuja, akatazama, akasema neno moja: "Uzembe." Kijana alirudishwa kwao bila senti, na hata leo anachechemea.

Sisi tulinyamaza. Hatukujua sheria, na tuliona haya kwamba pengine kweli alikuwa mzembe. Ndugu zangu, haya hiyo ilikuwa bure. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, inasema fidia ya aliyeumia kazini hulipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi pana usalama, na atoe vifaa vya kujikinga panapohitajika. Basi neno "uzembe" si mwisho wa mazungumzo. Mtu akiumia, fanyeni haya: mtibuni kwanza, andikeni tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia, mjulisheni mwajiri kwa maandishi bila kuchelewa, wekeni nakala, mleteni habari kwa mjumbe wa chama.

Lakini fidia hairudishi mguu. Afadhali kuzuia. Shikeni kanuni hizi, katika shamba la mtu na katika shamba lako:

(a) Kisu kinolewe kabla ya kazi na tena mchana. Kila mkataji awe na tupa au kinoo chake.

(b) Kisu kikate kuelekea chini na nje, mbali na mguu. Mguu ulio karibu na mti uwe nyuma.

(c) Vaa buti, na funga kinga ya muundi. Huko Marekani wakataji wa miti ya Krismasi hufunga kinga ngumu mguuni. Kwetu, kipande cha tairi la gari kilichofungwa kwa kamba kinafanya kazi hiyohiyo.

(d) Mkono usio na kisu uwe na glavu, nao ukae mgongoni au pembeni, si ndani ya matawi.

(e) Kati ya mkataji na mkataji kuwe na hatua nne zisizopungua. Watoto wasicheze karibu.

(f) Asubuhi yenye umande mwingi, ngojeni nyasi zikauke. Mpini ukilowa, kisu kinatoka mkononi.

(g) Mti uliokupita kimo usiupande. Tumia ngazi, na mwenzako aishike.

Hatuko peke yetu katika hatari hizi. Huko Georgia, katika milima ya Caucasus, wako wafanyakazi wanaopanda miti mirefu sana kuchuma mbegu, na mbegu hizo ndizo zinazopandwa Denmark na kwingineko kuwa miti ya Krismasi ya Ulaya. Wengine huanguka na kufa. Na katika mashamba ya miti ya Krismasi ya Marekani, kazi ya kisu hufanywa kwa wingi na vibarua wanaotoka Mexico kwa mkataba wa msimu. Mti unawekwa taa sebuleni, na mkono uliouchonga hauonekani.

7. HESABU

Mwenye shamba dogo huuza mti Desemba kwa bei anayoitaja mchuuzi, kisha anafurahi kwa kuwa amepata fedha ya sukari na nguo za watoto. Tuchukue mfano ili tuone kazi iliyomo.

Mti umekaa shambani miaka 3. Umekatwa mara 2 kila mwaka, dakika 10 kila mara: jumla dakika 60. Umepaliliwa mara 3 kila mwaka, dakika 10 kila mara: jumla dakika 90. Kuuvuna na kuufikisha barabarani, dakika 30. Jumla ni dakika 180, yaani saa 3.

Lakini si kila mti unauzika. Tuseme kati ya miti 100, 25 imeharibika mwishoni, na kazi yake umekwisha kuifanya. Saa 300 za kazi zitalipwa na miti 75. Kila mti unaouzwa unabeba saa 4. Siku ya kazi ni saa 8. Kwa hiyo bei ya mti mmoja isiyofika ujira wa nusu siku, baada ya kuondoa gharama ya mche na usafiri, ni hasara, hata kama noti ziko mkononi. Weka idadi zako mwenyewe katika mfano huu kabla mchuuzi hajafika. Na majirani watano wenye miti wakikubaliana bei moja, mchuuzi hawezi kuwachezea mmoja mmoja.

Kibarua naye afanye hesabu hiyohiyo. Akiambiwa atalipwa kwa mti, aulize: miti ya kimo gani? Kwa mkasi au kisu? Nani anatoa tupa, buti na glavu? Muda wa kunoa umo katika kipimo au haumo? Na ajue kwamba kwa Kanuni za Ajira za mwaka 2011, mtu hawezi kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Akizidi hapo anastahili mkataba wa maandishi. Msimu wa Mei mpaka Oktoba unapita miezi hiyo.

Wazee wetu walitoka West Nile kwa malori kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Walijua kukata kuliko mtu yeyote, lakini hawakufundishwa kuhesabu walichokata. Sisi tujifunze yote mawili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI LENU

1. Kwa nini mti wa saipresi hukatwa tofauti na chai au kahawa?

2. Kwa nini upana uwe chini na si juu? Tazameni ua mmoja ulio karibu nanyi mkaeleze kosa lake.

3. Katika kazi yenu, ni kipimo gani kinachowafanya watu waharakishe mpaka waumie? Nani alikipanga, na mara ya mwisho kilijadiliwa lini?

4. Mwenzenu akiumia kesho saa nane mchana, nani ataandika habari yake, na ataiandika wapi?

Swali la nne msiliache bila jina la mtu. Mchagueni leo, na mnunulieni daftari.

Wenu katika kazi,
Mratibu wa chama, Vurra